Kundi la msaada linaanzia kwenye daftari

Mafuriko yakiingia usiku, ikifika saa moja asubuhi mji una makundi ya WhatsApp matano yenye majina yanayofanana. Ikifika saa nne, kila kundi lina watu mia tatu. Pole zimemiminika, viganja vya dua vimejaa kwenye skrini, mmoja kaleta video ya gari linaelea, mwingine anauliza kama barabara ya Njiro inapitika. Na yule mama aliyeandika saa kumi na mbili na dakika ishirini kwamba yuko na watoto watatu juu ya kitanda, na maji yamegusa godoro, ujumbe wake umefukiwa chini ya jumbe mia nne. Hakuna aliyempuuza. Kila aliyeusoma alidhani kuna mwenzake anayemshughulikia.

Naandika haya kabla masika hayajakolea, kwa ajili ya yeyote atakayejikuta kaunda kundi saa kumi na moja alfajiri, awe Arusha au Moshi. Hatujasahau Aprili 2024. Tarehe 12 gari la wanafunzi lilisombwa kwenye korongo hapa Arusha, na kabla mwezi haujaisha maji yaliingia kwenye nyumba za watu Moshi. Tarehe 25 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Miezi michache kabla, Desemba 3, 2023, tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya Katesh, na malori ya misaada yakapita Babati yakitoka huku kwetu. Mvua zitarudi. Swali ni makundi yetu yatakuwa yamejipangaje.

Kazi yenyewe hatuanzi sifuri. Sisi ni watu wa kamati. Kila aliyewahi kuwekwa kwenye kundi la harusi anajua mwenyekiti, katibu na mweka hazina ni nani, na anajua ile orodha inayopandishwa kila jioni: jina, ahadi, alichotoa, kilichobaki. Kwenye msiba tuko wepesi zaidi. Saa moja baada ya tanzia, turubai limepatikana, viti vimepatikana, na kuna mtu anajua basi la kwenda Rombo linakodishwa kwa kiasi gani. Milimani kuna msaragambo, ambapo kila nyumba hutoa mtu na jembe lake. Hayo yote yanafaa siku ya maafa.

Ila kuna jambo moja ambalo kamati ya harusi haikutufundisha. Orodha ya harusi ni ya wanaotoa, kwa sababu mwenye shughuli ni mmoja na anajulikana. Maafa yanadai orodha ya wanaohitaji. Hao ni wengi, hawajulikani, na wanahama: asubuhi wako kwa jirani, mchana wako darasani kwenye shule ya msingi, jioni wamechukuliwa na shemeji Kwa Mrombo. Kundi linalotunza orodha ya watoaji peke yake litajua hadi senti imetoka kwa nani, na halitajua nani amelala njaa.

Mstari mmoja wa daftari

Chukua kaunta buku, ile ya kwaya mbili inatosha, na kalamu ya wino. Karatasi ndiyo iwe kumbukumbu mama. Jedwali la kwenye mtandao liwe nakala yake, linajazwa na mtu mmoja tu. Simu huzima, na majedwali ya mtandaoni yana ajali yake inayojirudia: mtu mwenye nia njema anapanga safu ya majina kwa alfabeti bila kuchagua safu nyingine, majina yanahama, mahitaji yanabaki palepale, na kuanzia hapo kila blanketi linakwenda kwa mtu asiye wake. Usipogundua ndani ya dakika chache, kazi ya siku nzima imeharibika.

Mstari uwe hivi (ni mfano, si mtu halisi):

*047. Jumatano, saa 12:20 asubuhi. Sokoni II, nyuma ya msikiti, geti la bluu. Watu 4: mama, watoto 3, mmoja wa miezi 8. Ameomba: maziwa ya kopo, blanketi, maji. Simu iko kwa katibu. Uthibitisho: balozi wa nyumba kumi, saa 1:05, wametolewa, wako shule ya msingi darasa la nne; mama ananyonyesha. Wapelekewe: blanketi 2, uji na chakula cha mama, dawa ya maji. Kazi: boda wa kijiwe cha shuleni, saa 1:30. Imefika: saa 2:40, mama kathibitisha. IMEFUNGWA.*

Tazama alichofanya mthibitishaji. Ombi lilikuwa maziwa ya kopo. Baada ya swali moja ikajulikana mama ananyonyesha. Maziwa ya unga yakikorogwa kwa maji ya mafuriko ni njia fupi ya kumpeleka mtoto hospitali akiharisha, kwa hiyo anayelishwa vizuri pale ni mama. Anwani nayo ilikuwa imeshapitwa na wakati. Bila ile simu ya saa 1:05, boda angefika kwenye geti la bluu, angekuta maji tu, na angerudi na mzigo.

Namba 047 haitumiki tena kwa mtu mwingine, hata ombi likifutwa. Mwombaji anajibiwa papo hapo: "Tumekupokea, namba yako ni 047, ukipiga tena taja namba hii." Jibu hilo hupunguza kelele kuliko kitu kingine chochote, maana asiyejibiwa huandika kwenye makundi yote matano, na makundi matano hupeleka watu watano kwenye nyumba moja huku nyumba ya jirani ikikosa.

Saa iandikwe kwa Kiswahili na neno lake: asubuhi, mchana, usiku. Simu inaonyesha 06:20, mtu anakopi "saa 6:20", anayesoma anaelewa mchana, na saa sita zimepotea hapo.

Mahali ndipo penye makosa mengi kuliko pote. Kaloleni ipo Arusha na ipo Moshi, Majengo vilevile, na watu wa mikoa yote miwili wamo kwenye kundi moja. Sokoni I na Sokoni II hutofautiana kwa kidole kimoja kwenye simu. Kwa hiyo andika mji, kata, mtaa, jina la balozi, kisha alama ambayo maji hayawezi kuihamisha: msikiti, kanisa, mnara wa simu, shule. Kibanda cha M-Pesa si alama, huenda kimeshasombwa. Lokesheni ya WhatsApp isaidie tu, isitegemewe peke yake. Aliyejifungia chumbani bila setilaiti hutuma alama iliyo mtaa wa pili, na wengine hutuma mahali walipo wao wakati mhitaji ni mama yao aliye Pasua.

Mwisho ni lile neno IMEFUNGWA. Linaandikwa baada ya mpokeaji mwenyewe, au balozi wake, kuthibitisha. Dereva kusema "nimefikisha" hakutoshi. Kila jioni katibu anahesabu mistari iliyo wazi, na hiyo ndiyo hesabu ya kwanza kutangazwa, kabla ya fedha.

Nani afanye nini

Kundi moja kubwa haliwezi kubeba haya yote. Fungua matatu. La kwanza ni la matangazo, ambamo wasimamizi peke yao ndio wanaoandika. Hilo ndilo unalosambaza kiungo chake, na WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024. La pili ni la kupokea maombi, lenye wapokeaji na wenyeviti wa mitaa au mabalozi wao. La tatu ni la watendaji, watu saba hadi kumi, na humo hakuna pole wala dua, ni namba tu: "047 imetoka", "051 balozi hapokei". Anayetaka kuomba dua na kufarijiana anahitaji nafasi pia, hilo ni la kweli na lina uzito wake, kwa hiyo acha lile kundi la kwanza kabisa la mtaani liendelee kama lilivyo. Usilifunge, watu watakasirika. Weka ndani yake mtu mmoja wa kuokota maombi na kuyaleta daftarini.

Watendaji hao ni mpokeaji wa maombi, mthibitishaji, mweka hazina na msaidizi wake, mnunuzi, mpanga usafiri, na katibu wa daftari. Kazi ya mpokeaji na mthibitishaji ziwe na zamu za saa sita. Mtu aliyesikiliza vilio kwa saa kumi na mbili mfululizo huanza kuandika namba za simu vibaya, na namba moja ikikosewa familia imepotea.

Weka pia namba ya kawaida, isiyo ya WhatsApp, kwa ajili ya wenye vitochi. Bibi wa Mabogini aliyebaki na kitochi chenye chaji nusu ndiye hasa tunayemtafuta, na hataonekana na mtu yeyote kwenye kundi. Namba hiyo isomwe msikitini, kanisani, na kwenye vijiwe vya boda.

Kabla ya saa mbili za kwanza kuisha, mpigie mtendaji wa kata. Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Na. 6 ya 2022, imeweka kamati za maafa kuanzia mkoa na wilaya hadi kata, kijiji na mtaa. Mtendaji anajua shule ipi imefunguliwa kupokea watu na Msalaba Mwekundu wako wapi. Mpelekee barua fupi yenye majina ya viongozi wa kundi na namba ya kuchangia, ipigwe muhuri, kisha picha ya barua hiyo iwekwe kwenye kundi la matangazo. Barua hiyo inawakinga wachangiaji, na inawakinga ninyi pia siku mtu atakapouliza mlikusanya kwa idhini ya nani.

Fedha

Mchango upitie namba moja kwa kila mtandao, si zaidi, na jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri litangazwe neno kwa neno. Matapeli wa huku wanafanya hivi: wanachukua tangazo lako zuri lenye picha, wanabadilisha tarakimu mbili za namba, wanalirudisha kwenye makundi ambayo wewe humo. Mtu akisoma "jina litakalotokea ni hili, likitokea jingine usitume", utapeli mwingi umekatika. Namba ya tapeli itumwe 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Ujumbe wa "nimetuma kimakosa, nirudishie" usishughulikiwe hadi mweka hazina aangalie salio lenyewe kwenye menyu ya simu, kwa sababu ujumbe wa muamala unaweza kughushiwa na salio la menyu haliwezi.

Kama kuna huduma ya akaunti ya kikundi ambayo fedha haitoki hadi viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe, ndiyo itumike. Ila kuifungua siku ya mafuriko kunachelewesha, kwa hiyo ifunguliwe sasa, mbingu zikiwa kavu. Laini ya mtu binafsi ina kikomo cha salio na cha kutuma kwa siku. Jueni kikomo hicho kabla hakijawazuia mkiwa dukani.

Msitoe fedha taslimu kama si lazima. Ukitoa kwa wakala unakatwa, halafu noti hazina kumbukumbu. Lipa duka moja kwa moja kwa Lipa Namba, chukua risiti ya EFD, iandike namba ya ununuzi juu yake, piga picha. Petroli ya boda ndiyo itakayohitaji taslimu. Mpe mpanga usafiri kiasi cha siku, arudishe hesabu jioni. Na tengeni sehemu ya kumi ya kila kinachoingia kwa ajili ya mafuta na vocha. Wachangiaji wengi hupenda fedha yao "iende kwenye chakula tu". Waelezeni wazi kwamba chakula hakitembei chenyewe. Nimeona makundi yakijaza stoo sembe na kukosa fedha ya kukodi Kenta.

Ahadi isiingie kwenye hesabu ya salio. Kwenye harusi tunaweza kumpa mpambaji kiasi kidogo tukimwambia ahadi zinakuja. Muuza unga wa Soko la Kilombero au Mbuyuni hana sababu ya kukukopesha magunia kwa majina ya watu asiowajua. Kila siku saa mbili usiku, mweka hazina anatangaza mistari minne: kilichoingia leo, kilichotoka leo, salio la sasa, risiti zimehifadhiwa wapi. Watu hutoa tena wakiona hesabu. Mwaka 2011 wenzetu wa Kenya walichangia wenye njaa kwa njia ya simu kupitia Kenyans for Kenya, na watu wa kawaida waliweza kutuma fedha ndogo ndogo. Shilingi elfu moja ya mama wa gengeni ni mchango kamili, itangazwe kwa heshima ileile.

Mzigo

Ukiandika "leteni chochote", utaletewa chochote. Stoo itajaa masweta yaliyotoboka, viatu vya mguu mmoja na magauni ya sendoff, na vijana kumi watamaliza siku mbili wakichambua nguo wakati blanketi hakuna. Tangazo liwe na vitu visivyozidi sita, na idadi: blanketi nzito 60, ndoo za lita 20 zenye kifuniko 40, taulo za kike pakiti 80, mabeleshi 25, sufuria za kati 40, khanga au vitenge 60. Kitu kikitimia, tangaza kimetimia.

Siku mbili za mwanzo peleka chakula kilichoiva: uji, mikate, viazi, makande yaliyopikwa na wamama wa kanisani au msikitini. Familia iliyotoka na nguo za kulalia haina sufuria, haina jiko, haina mkaa, na kuni zote mtaani zimelowa. Sembe kavu siku ya kwanza ni mzigo juu ya mzigo. Kuanzia siku ya tatu, watu wakiwa wametulia, ndipo gawa vifurushi vya wiki.

Kipimo kinachotumika sana kwenye misaada ni takribani gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za kunde na gramu 25 za mafuta. Kwa kaya ya watu 5 kwa siku 7 inakuja kilo 14 za sembe, zaidi kidogo ya kilo 2 za maharage, na mafuta chini kidogo ya lita moja. Funga sembe kilo 15, maharage kilo 2 na nusu, mafuta lita 1, pamoja na nusu kilo ya chumvi, hapo kipimo hakitapunguka hata kama kidogo kitamwagika. Kwa kaya 40 unanunua viroba 24 vya kilo 25, gunia moja la maharage la kilo 100, madumu mawili ya mafuta ya lita 20, na chumvi kilo 20. Jumla ni zaidi ya kilo 750. Kirikuu itakwenda safari mbili au tatu, Kenta inabeba kwa moja na nafasi ya blanketi inabaki. Kwa kufungia tumia viroba vidogo au mifuko mbadala iliyoshonwa, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Mafuta yasiwekwe kifurushi kimoja na unga: chupa ya soda iliyotumika hufunguka njiani, na unga ulioingia mafuta haupikiki. Chupa zipande gari kwenye kreti zake, zigawiwe mkononi. Pia panga vifurushi vya mtu 1 hadi 3 na vya watu 6 na zaidi. Bibi anayeishi peke yake hawezi kubeba kilo 15 kwenye tope.

Maji yana hesabu yake. Lita 15 kwa mtu kwa siku kwa matumizi yote ndicho kiwango cha chini kinachofuatwa. Shule yenye watu 200 inahitaji lita 3,000 kila siku, yaani simtanki la lita 5,000 linalojazwa na boza kila siku au kila siku ya pili kwa kubana sana. Maji ya kunywa yawekwe dawa: kidonge kimoja cha WaterGuard kwa ndoo ya lita 20 ya maji maangavu, funika, subiri dakika 30. Yakiwa na tope yachuje kwanza kwa khanga safi iliyokunjwa mara nne, kisha weka vidonge viwili. Maelekezo haya yaandikwe kwa mkono kwenye karatasi na kupigwa gundi kwenye kila ndoo, kwa sababu vidonge vikigawiwa bila maneno kuna watu watavimeza. Mtu akianza kuharisha maji maji mfululizo, aanze ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, na apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, na mthibitishaji apige 199, namba ya Wizara ya Afya. Kipindupindu hakisubiri kikao.

Kusafirisha, na kupiga tope

Hakuna mtu wa kundi anayeingia kwenye maji yanayokimbia. Sentimita 15 za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 zinabeba magari mengi. Makorongo ya huku ni hatari zaidi kwa sababu mvua ikinyesha juu Meru, jua linaweza kuwa linawaka chini Muriet wakati maji yanashuka. Dereva asiyelijua korongo aongozwe na mwenyeji. Kuokoa aliyenaswa ni kazi ya Zimamoto, 114, na kundi linachotoa ni anwani sahihi na mtu wa kuwasubiri barabarani akiwa na tochi.

Maji yakipungua, mahitaji hubadilika ghafla. Wapikaji hawahitajiki sana tena, wanaohitajika ni watu wa mabeleshi. Hapo ndipo msaragambo unapoitwa kwa simu: mtaa, saa ya kukutana, kila nyumba mtu mmoja, aje na beleshi, gambuti na glovu. Vijana kumi na toroli mbili husafisha nyumba za vyumba viwili tatu au nne kwa siku, kama tope halijakauka. Likikauka, kazi inakuwa mara mbili. Kabla ya mtu kuingia, meni swichi izimwe na mwenye kujua umeme, na ukuta wa tofali za udongo uliolowa usiguswe kabisa mpaka fundi auangalie, kwani huanguka siku ya pili au ya tatu, maji yakiwa yameshaondoka. Vyoo vya shimo huwa vimefurika, kwa hiyo lile tope ni kinyesi pia. Watoto wasishirikishwe.

Uvumi

"Daraja limekatika" ni sentensi inayoweza kuzuia gari la wagonjwa. Usiipeleke kwenye matangazo mpaka upate majibu matatu: nani ameona kwa macho yake, saa ngapi, na picha iliyopigwa leo. Ujumbe wenye mishale miwili umeshapita mikono mingi, na tangu 2020 WhatsApp inauruhusu kupelekwa sehemu moja tu kwa wakati kwa sababu hiyohiyo. Video za mafuriko ya zamani hurudi kila msimu. Tazama bango, rangi za daladala, kama barabara ile bado ni ya vumbi. Ukikosa uhakika andika "haijathibitishwa" au kaa kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatambua kusambaza taarifa za uongo kuwa kosa, na msimamizi wa kundi asijidanganye kwamba hayamhusu.

Hali ya hewa ichukuliwe kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) peke yake, na rangi zielezwe: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.

Ukiwaza kwamba uthibitishaji wa namna hii hauwezekani kwa watu wa kujitolea, kumbuka Ushahidi, mfumo uliozaliwa Kenya mwaka 2008 wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Watu walituma taarifa kwa meseji na mtandao, zikawekwa kwenye ramani, na mwaka 2010 ukatumika kwenye tetemeko la Haiti. Taarifa kuwa na mahali pake ndicho kilichoipa maana. Kaunta buku lako linafanya kitu kilekile kwa kata moja.

Siri za watu

Kuna mistari isiyosomwa mbele ya watu mia. Mtu aliyepoteza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hataomba kwenye kundi, na akiomba, futa ujumbe wake kwa wote haraka na umpigie. Daftari liandike "dawa, binafsi", na mhusika aunganishwe na kliniki ya CTC, inayotoa dawa hizo, iliyo karibu. Siku chache bila dawa zina madhara, kwa hiyo huyu ni wa leo, si wa kesho. Vivyo hivyo wa insulini, wa kifafa, na binti aliyefanyiwa ubaya kambini. Weka mwanamke mmoja wa makamo, anayeaminika, namba yake ijulikane kwa jambo hilo tu.

Picha za watoto wakipokea unga zisipigwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, mtoto yule atarudi shuleni na wenzake wameiona picha. Wachangiaji waonyeshwe risiti, stoo, gari lililopakiwa. Orodha yenye majina na namba za simu isitumwe kama picha kwenye kundi lolote, maana siku ya pili wale watu wataanza kupigiwa na "maofisa" wa fidia.

Data ikikatika

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, betri za minara huisha. Mara nyingi data hudhoofika kwanza, na meseji za kawaida hupenya bado. Kubalianeni mapema muundo mfupi usiozidi herufi 160: namba, mtaa, idadi, hitaji. "062 PASUA MOSHI 7 MAJI BLANKETI MZEE 1 MGONJWA." Kila mtendaji awe na karatasi yenye namba za wenzake wote, imefungwa ndani ya kava la plastiki, kwa sababu siku hizi hatukumbuki namba kichwani. Pawabenki mbili za kundi zichajiwe tahadhari ya TMA inapotoka. Meseji nazo zikishindikana, kuna sehemu ya kukutana saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, iliyotangazwa tangu siku ya kwanza, na boda wawili wa kubeba kurasa za daftari.

Kufunga

Makundi mengi hayafungwi, yananyauka. Mwezi wa pili yanakuwa ya matangazo ya viwanja na kuku wa kienyeji, na salio la mwisho linabaki kwenye laini ya mtu. Wekeni tarehe ya kufunga mapema, kwa mfano wiki sita, na siku hiyo mweka hazina apandishe hesabu yote tangu mwanzo, pamoja na picha za risiti. Fedha iliyobaki ipigiwe kura na wachangiaji, chaguzi mbili au tatu za wazi: mabati ya nyumba fulani zilizomo daftarini, madawati ya shule iliyopokea watu, au akiba ya masika ijayo kwenye akaunti ya kikundi.

Halafu fungua daftari ukurasa wa kwanza, uteremke na kidole hadi mwisho, utafute mistari isiyo na neno IMEFUNGWA. Kila mmoja upigiwe simu. Wengine watakuwa wamehamia kwa ndugu na mambo yao ni mazuri. Wengine simu haitapatikana, na hao balozi aende kwa miguu. Watakaobaki, namba zao ziandikwe kwenye karatasi moja, ikabidhiwe kwa mtendaji wa kata, asaini kupokea, na nakala yenye saini ibanwe kwenye jalada la nyuma la kaunta buku.